Muulize Shangazi: Kuku Wengi, Kicheko Hakuna

"Shangazi shikamoo. Nimeandika filamu fupi ya kuchekesha: kijana na binti wanatoka pamoja kwa mara ya kwanza, wanakwenda kula kuku. Ina dakika 52. Nimewasomea wenzangu, hakuna aliyecheka. Nifanyeje?" – Mwongozaji Mchanga, Tabata.

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuniandikia mimi. Wengine hukimbilia vyuoni, wakafundishwa mambo ya mitoko na watu ambao hawajawahi kutongozwa hata na kinyozi. Mimi nilitongozwa na nusu ya Magomeni, barua ninazo sandukuni.

Dakika 52? Wenye tuzo za Oscar wanasema filamu fupi isizidi dakika 40, na hapo wamehesabu hadi yale majina ya mwishoni yanayosomwa na mama wa mpiga picha peke yake. Ndugu wawili Lumière wa Ufaransa, mwaka 1895, walionyesha kichekesho cha mtunza bustani anayerushiwa maji usoni na mpira wake mwenyewe wa kumwagilia. Hakikufika hata dakika moja. Kijana wako dakika ya kwanza bado anabishana na bodaboda kuhusu chenji.

Nauli ndiyo iliyonikumbusha bwana mmoja, simtaji jina kwa kuwa wajukuu zake hunisalimia. Alinialika Drive-In ya Msasani, ile sinema ya kutazama ukiwa garini. Akaja na baiskeli. Alilipa kiingilio, akaisimamisha katikati ya Peugeot mbili, akachukua spika ambayo wenzetu wanaining'iniza kwenye kioo cha gari, yeye akaining'iniza kwenye usukani. Kisha akafuta keria kwa leso, akaniuliza, kwa uzito wa mtu anayeuza kiwanja, kama napenda kukaa mbele au nyuma. Hakutabasamu. Wenye magari wote wakaacha filamu wakatutazama sisi. Nilikuwa mrembo, hilo nalo lilichangia.

Sasa huyo wa kwako anatania ukurasa mzima! Anajua yumo kwenye kichekesho. Mnyang'anye utani wote, mwachie adabu tu.

Hata Charlie Chaplin alihangaika, maskini, hakuwa na anwani yangu. Katika City Lights ya 1931 alirudia zaidi ya mara 300 tukio la fukara kukutana na binti kipofu muuza maua. Kikwazo: kipofu atamdhanije fukara kuwa tajiri? Dawa ikawa mlango. Fukara anapita ndani ya gari la kifahari, anatokea upande wa pili, mlango unafungwa, binti anaamini aliyeshuka ni mwenye gari. Sauti ya mlango ikaokoa filamu isiyo na maongezi! Mimi ningempa jibu hilo asubuhi ile ile, na mlango ningemtafutia Gerezani kwa bei ya kuelewana.

Tuje kwenye kuku. Kila ukihamisha kamera tukio linarudiwa, na paja lililoliwa halirudi mfupani. Utanunua kuku wa kutosha harusi, na waigizaji watakuwa wanatema kwenye ndoo kila ukisema kata. Waagizie chai; ndani ya kikombe hakuna anayeona kilichobaki. Ukiwang'ang'ania kuku, niite nisimamie mwendelezo. Malipo yangu ni kuku waliobaki, pamoja na wale ambao bado hawajabaki.

Halafu kamera isivuke ule mstari wa kufikirika unaowaunganisha wawili hao. Ikivuka, badala ya kutazamana wataonekana wote wawili wanamtazama mhudumu. Mtoko wangu wa Tanga ulikuwa hivyo hivyo bila kamera, na mhudumu mwenyewe alikuwa mzuri, simlaumu yule bwana sana.

Mhariri ananikodolea macho, nafasi imekwisha. Basi: kata dakika 44, weka baiskeli, na binti nitamwigiza mimi. Gauni bado linanienea nikibana pumzi. Nauli tuma kwa simu, na ya kutolea.