Madonge ya Alhamisi

Alhamisi ya nne ya Novemba, Wamarekani husherehekea Sikukuu ya Shukrani kama sheria yao ya 1941 inavyoelekeza, na katika nyumba nyingi kuna mtu jikoni anapambana na sufuria ya mchuzi. Bata mzinga ameiva, viazi vimepondwa, wageni wameshakaa, na mchuzi una madonge. Lawama zote humwangukia mpishi: hajui kupika, mkono mzito. Nasema anaonewa. Donge halitoki mkononi, linatoka kwenye saa ya ukutani, na ushahidi umo ndani ya donge lenyewe.

Lipasue kwa kijiko uone. Nje utelezi, ndani unga mkavu, mweupe vilevile ulivyotoka kwenye mfuko. Wanga ukikutana na maji ya moto huvimba na kunata papo hapo. Ganda la nje hujifunga, na maji hayapati pa kuingilia. Mama anayeuza uji asubuhi hahitaji kufundishwa hili: unga wake huukoroga kwanza kwa maji baridi, ndipo auingize kwenye sufuria inayotokota. Mwenye bata mzinga naye ana njia yake. Huengua mafuta yaliyodondoka kwenye trei, akayakaanga pamoja na unga, kiasi kwa kiasi, mpaka yanukie, kisha akamimina supu kidogo kidogo huku mwiko hautulii. Mafuta huzitenganisha chembe za unga kabla supu haijazifikia. Kazi ya dakika 10, na wala si ngumu.

Ngumu ni kupata dakika hizo. Utamu wa mchuzi huu uko kwenye ukoko wa kahawia ulioganda chini ya trei, na ukoko huo hauwezi kukwanguliwa mpaka ndege atoke kwenye oveni, baada ya saa tatu au nne. Kwa hiyo mapishi yanaanza njaa ikiwa imekwisha kufika mezani. Huyu anatafuta kisu, yule anauliza choo kiko wapi, mtoto amepanda kiti. Hapo unga humwagwa wote kwa mkupuo kwenye supu inayochemka, na donge likazaliwa. Kampuni ya Butterball ina simu ya kuwasaidia walioshindwa na bata mzinga tangu 1981; siamini kwamba taifa zima halina akili. Limechelewa tu.

Nitaambiwa kwamba ndege hupumzishwa nusu saa kabla ya kukatwa, na muda huo unatosha. Kwa hesabu ya karatasi, sawa. Lakini nusu saa hiyo imeshakopeshwa kwa wengine: viazi vitamu vinaingia kwenye oveni iliyoachwa wazi, mikate inataka kupashwa moto, na jiko lina mafiga manne tu, yote yamekaliwa. Mwingine atasifu mchuzi wa pakiti. Hauna madonge, nakubali. Wala hauna bata mzinga. Pingamizi linalonitikisa ni la tatu: chemsha shingo na mabawa siku moja kabla, tengeneza mchuzi kwa utulivu, uweke kwenye friji. Ni ushauri mzuri, ila umemsahau binadamu. Aliyefanya hivyo akiuona ule ukoko kwenye trei hana moyo wa kuutupa. Ataukwangua, ataukoroga ndani, na kama ndege alilazwa usiku kucha kwenye maji ya chumvi, mchuzi uliokuwa salama utageuka Bahari ya Hindi.

Basi tumia chujio, wanasema wenye haraka. Chujio ni kweli linayakamata madonge, lakini tazama lilichokamata: ni ule unga uliotegemewa kuutia mchuzi uzito. Kinachoshuka chini ni chepesi kama chai, wageni wanagonga vijiko, na mpishi anaunyoshea tena mkono mfuko wa unga, supu ikichemka.