Santuri za Baba na Dodoki Langu

Nianze na hesabu, maana mama amenitaka niwe mkweli. Marehemu baba aliacha santuri 74. Ndogo za mizunguko 45 zilikuwa 62, kubwa za mizunguko 33 zilikuwa tisa, na zile nzito za kale za mizunguko 78, alizorithi kwa babu, zilikuwa tatu. Leo zinazopigika ni 71. Hizo tatu zilizopungua hazikuibwa, wala hazikuvunjwa na watoto. Zilisafishwa.

Sanduku lilikaa uvunguni mwa kitanda cha mama kule Tanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipohamia kwetu Magomeni alikuja na vitu vitatu: mkoba wa dawa, mbuzi ya kukunia nazi ambayo hamruhusu mtu kuigusa, na sanduku hilo. Nilipolifungua walitoka mende wawili, taratibu, kama wapangaji waliolipa kodi ya mwaka mzima. Bahasha za karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa. Na mchwa nao wana mapenzi yao, kwa sababu bahasha ya Cuban Marimba waliimaliza yote, ya Morogoro Jazz iliyolala ubavuni mwake hawakuigonga hata pembe. Bendi zote mbili za mji mmoja, tena mahasimu wa miaka mingi. Hata uvunguni mwa kitanda watu wana upande.

Juu ya santuri zenyewe kulikuwa na vumbi, ukungu, matone ya nta ya mshumaa, na alama za vidole vyenye mafuta. Mama alizitambua pale pale.

“Huyo baba yako huyo,” akasema. “Kitumbua mkono huu, santuri mkono huu huu.”

Si kwamba baba alikuwa mchafu. Alikuwa na haraka. Santuri ndogo upande mmoja hubeba dakika nne, tano hivi, na bendi zetu za miaka ya 1970 zilishazoea nyimbo za dakika saba, nane. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Yaani pale magitaa yanapoanza kuchanganya na wageni wamekaza viuno, muziki unanyamaza, na mwenye nyumba anakimbilia redio gramu na kitumbua chake mkononi.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo kitu kichafu kina dawa moja tu: sabuni, dodoki na nguvu. Sufuria, masinki, watoto, wote tulipita humo. Jumamosi moja nikajaza beseni maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikazamisha santuri ya kwanza na kuisugua kama sufuria lililounguza wali. Nilisugua kwenda na kurudi, kulia na kushoto. Povu likawa jeusi, nikafurahi sana.

Hapo sikujua kitu ambacho mama, anayesuka ukili, angeweza kunieleza kwa sentensi moja. Upande wa santuri hauna mistari mingi; una mmoja tu, mrefu, uliozungushwa kutoka ukingoni hadi katikati kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka wa duara. Sindano inaufuata mstari huo na kusoma kuta zake. Ukifuta, nawe uufuate. Ukisugua kwa kukata njia, unachora mikwaruzo ambayo sindano itaisoma pia, kwa uaminifu ule ule inaosomea gitaa.

Halafu karatasi ya katikati. Ile yenye jina la bendi, jina la wimbo na nembo ya kampuni. Nilipoitoa santuri majini, karatasi ilibaki kwenye beseni ikielea, maandishi yameshakuwa uji wa rangi. Nikabaki na santuri safi isiyo na jina.

Utasema si neno, ipige uisikie. Tukaipiga. Mama akasema ni Western Jazz. Mjomba, aliyekuwa amekuja kusalimia tu, akasema Western Jazz wapi, hawa Dar es Salaam Jazz, tena yeye siku inapigwa alikuwepo ukumbini. Mama akamuuliza ukumbini alikuwepo na nani, maana mwaka huo alikuwa ameshaoa. Mjomba akaomba kofia yake. Hakurudi mpaka Idi.

Siku hizi karatasi naifunika kwa vifuniko viwili vya makopo ya plastiki, kimoja kila upande, nimevikamata kwa kiganja, ndipo santuri inaona maji. Lakini maji yenyewe nayo yalikuwa na lake. Ya kwetu ni ya kisima, yana chumvi. Ukipika nayo chai unaonja bahari. Yakikaukia kwenye santuri yanaacha weupe, na weupe ule ukipigwa unasikika kama mtu anakaanga dagaa nyuma ya bendi. Nikaambiwa nitafute maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi wala madini. Hapa mjini hayo yanauzwa kwenye duka la spea, kwa jina la maji ya betri.

“Shikamoo mzee,” kijana wa dukani akanipokea.

“Marahaba. Naomba maji ya betri, ya kuongezea, siyo asidi.”

“Ya gari gani?”

“Siyo gari. Ni santuri.”

“Senchuri?” Macho yakamtoka. “Mzee unaendesha Toyota Century?”

Nilipomaliza kueleza, adabu ilikuwa ileile ila bei haikurudi chini. Nimelipa maji kwa bei ya mwenye Century.

Sasa kukausha. Nilikuwa na santuri kumi na mbili zimeng'aa, zinachuruzika maji, na juani uani mke wangu ameanika udaga kwenye mkeka. Nafasi ilibaki. Kitu kilichooshwa si huanikwa? Nikazipanga pembeni mwa udaga, nikaingia ndani kunywa chai.

Santuri za mizunguko 45 na 33 ni plastiki, jamaa moja na bomba la maji la PVC. Plastiki hiyo huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60, na kitu cheusi juani Dar es Salaam mwezi wa pili hakihitaji muda mrefu kufika huko. Wingu lilipita, Mungu akaokoa kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa imeinuka katikati na kuinamisha kingo, duara zuri kabisa. Yaani ilikuwa santuri, ikawa kawa.

Nikaigeuza nione ni wimbo gani. “Sina Makosa”, ya Les Wanyika, wale waliojitenga na Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978. Mke wangu alisoma jina, akaniangalia, akasoma tena. Nilisubiri aseme neno. Hakusema, na kunyamaza kwake kulikuwa kurefu kuliko pande zote mbili za wimbo huo.

Jirani wa upande wa pili alichungulia ukutani akauliza kama ile tunaitupa.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikasema kosa ni maji. Nitumie kitu kinachokauka chenyewe. Duka la dawa lipo mtaa wa pili, na spiriti ni rahisi. Nikaichanganya kidogo na maji ya betri, nikafuta santuri mbili za plastiki, zikatoka kama zimenunuliwa jana. Hapo kiburi kikaniingia. Nikavuta zile nzito za babu.

Ya kwanza kuishika ilikuwa ya muziki wa Cuba, mojawapo ya zile santuri za GV ambazo kampuni ya His Master's Voice ilizileta Afrika kuanzia miaka ya 1930, na ambazo vijana wa wakati ule walizicheza hadi wakaunda bendi na kuziita majina ya huko. Nilifuta mara moja. Kitambaa kikawa cheusi. Nikasema, ona uchafu wa miaka themanini! Nikafuta tena kwa ari zaidi, kitambaa kikazidi kuwa cheusi, na mkono ukaanza kunata. Nilipoinyanyua niione kwenye mwanga, upande mmoja ulikuwa laini kama paji la uso. Uchafu ule niliokuwa nautoa ulikuwa ndio muziki.

Fundi seremala wa pale nyumbani kwetu, aliyejifunza kazi Keko, alikuja kwa kufuata harufu.

“Kaka, unapaka kiti?”

Ndiye aliyenifungua macho. Santuri za mizunguko 78 hazikutengenezwa kwa plastiki. Ni lakiri, ile ya wadudu wa miti ya India, iliyochanganywa na unga wa mawe. Ndugu wa lakiri iliyokuwa inapigwa muhuri kwenye vifurushi vya posta. Maseremala nao huiyeyusha ndani ya spiriti ili wapate vanishi ya kung'arisha mbao. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimekaa barazani nusu saa nikitengeneza vanishi kwa kutumia bendi ya Havana. Fundi akachovya kidole, akakipitisha kwenye mguu wa kigoda, akakubali kwamba ni nzuri.

Jasho lilinitoka nilipokumbuka kuwa Siti binti Saad naye, alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, sauti yake iliwekwa kwenye santuri za namna hiyo hiyo. Nikawaza ni wajukuu wangapi pwani nzima wamekaa na chupa ya spiriti na nia njema. Mbili za babu zilizobaki sizigusi kwa kimiminika chochote isipokuwa kitambaa kilicholoana kidogo tu na maji ya betri, nazikausha hapo hapo.

Ya tatu iliangamia kwa gundi, na hiyo sitaisimulia sana kwa sababu bado inaniuma. Ipo njia ya kupaka gundi nyeupe ya mbao juu ya santuri ya plastiki, kuiacha ikauke kabisa, kisha kuibandua ngozi nzima pamoja na vumbi lililozama. Inafanya kazi. Ila inataka hewa kavu, na mimi niliijaribu katikati ya masika. Siku ya nne bado ilikuwa mtindi. Siku ya tano nikakosa subira.

Basi ninavyofanya sasa ni hivi, kwa yeyote mwenye sanduku uvunguni. Kwanza brashi laini kutoa vumbi kavu, kwa sababu vumbi likilowa linakuwa matope, na matope yanajua kujificha. Kisha maji ya betri yenye tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, kitambaa laini, na mkono unaozunguka kufuata mstari, bila kukandamiza. Kitambaa cha pili na maji matupu kuondoa sabuni. Halafu santuri inasimamishwa ndani ya kichanja cha sahani, kivulini, mbali na udaga, na ikikauka inaingia bahasha mpya. Kazi ya dakika kumi kwa santuri moja. Hakuna povu la kujivunia, na hiyo ndiyo sehemu ngumu kwangu.

Nta ya mshumaa niliiacha mwisho. Ilikuwa kwenye santuri ya NUTA Jazz, tone moja kubwa, lililodondoka usiku wa harusi ya shangazi umeme ulipokatika na baba akawa anarudisha santuri sandukuni gizani. Kuanzia usiku ule sindano ikifika hapo ilikuwa inakwama, neno moja linarudiwa mara tatu, mara nne, mpaka baba agonge ubavu wa redio gramu. Baadaye alibandika sumni juu ya kichwa cha mkono wa sindano kwa plasta, ili kuipa uzito. Ilikuwa sumni ile yenye picha ya sungura. Mafundi watakwambia uzito huo unachimba santuri, nami nawaamini. Linalonishinda ni hili: katika sarafu zote za nchi hii, mzee alimchagua sungura ndiye amzuie mwenzake asiruke.

Nta niliibandua kwa kijiti cha meno, jioni nzima, nimeshikilia pumzi kama fundi saa. Nikaosha, nikakausha, nikaipiga mama akiwa amekaa na ukili wake. Ikaimba safi, kavu, hakuna dagaa wanaokaangwa. Mama akawa anaifuata kwa sauti ya chini. Ilipofika pale mahali, bendi ikapita moja kwa moja, mama akabaki nyuma: lile neno akalirudia mara tatu, peke yake, kama alivyozoea kwa miaka arobaini.

Akaacha kusuka.

“Umeiharibu,” akasema. “Umeruka maneno.”

Nikamweleza habari ya nta. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia haya, na ya harusi ya shangazi yako nayo uliyoyatoa umeyaweka wapi? Kisha akaniagiza nimtafutie ile sumni, akaifunga kwenye pindo la khanga.

“Sina Makosa” ipo kwa jirani. Juzi ilikuwa imefunika maandazi, na hakuna inzi aliyeingia. Ile isiyo na jina ninayo mimi, na mjomba bado ana kinyongo. Kama wewe msomaji ulikuwa ukumbini enzi hizo na masikio yako yanaweza kuitenganisha Western Jazz na Dar es Salaam Jazz, karibu Magomeni uisikilize utuamulie. Dodoki uliache kwako.