Sifa za Kodi Isiyobisha Hodi

Kodi ya mapato ina dharau. Ikifika Kiandutu, mtaa wa mabanda mjini Thika, inamtazama kijana wa mjengo, mama fua na kibarua wa kiwandani, kisha inauliza kama mshahara unazidi shilingi 24,000 kwa mwezi. Haufiki? Basi inampita kama haimjui, ikakimbilia wale wa laki nane na zaidi, ambao kila shilingi ya ziada inakatwa senti 35. Huo ni ubaguzi wa wazi. Maskini naye ana haki ya kukatwa.

Ndiyo maana naisifu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na nawaunga mkono wote wanaotaka kodi ya mapato ifutwe ili tubaki na kodi ya matumizi peke yake. VAT haiombi hati ya mshahara wala cheti cha ardhi, na Kiandutu vitu hivyo ni haba. Haimpeleki mnunuzi kwenye mtandao wa iTax wala kwenye foleni za Juni za kuwasilisha ritani. Imekwisha kuingia ndani ya kipande cha sabuni kabla sabuni yenyewe haijafika dukani. Katika kila shilingi 116 anazotoa mama fua kununua sabuni hiyo, shilingi 16 ni za serikali, sawasawa na azitoazo yule mwenye nguo anazofua. Usawa ulioje!

Wakosoaji husema usawa huo ni wa mdomoni tu. Wanadai kwamba anayepata shilingi 500 kwa siku huzimaliza zote kabla ya usiku, kwa hiyo pato lake lote liko hatarini, ilhali tajiri hutumia sehemu tu. Inayobaki ananunua ploti Juja, analipa karo ya shule ya kifahari, ananunua hisa. Na ploti, karo na hisa hazitozwi VAT. Nawajibu kwamba hakuna aliyemkataza mama fua kununua ploti. Sheria imemfungulia mlango huo wa msamaha sawa na mwingine yeyote.

Tena tazama busara ya kodi hii kwa mwenye kioski. Kampuni kubwa iliyosajiliwa hudai irudishiwe VAT iliyolipa kwenye bidhaa ilizonunua ili kuendesha biashara. Mwenye kioski ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni tano halazimiki kujisajili, na asiyesajiliwa hana wa kumdai. Ile kodi aliyolipa kwa muuzaji wa jumla inabaki kwenye bei, na bei inagawanywa kwa vipimo: mafuta ya kupikia ya kupima, sabuni ya kukatiwa. Kwa njia hiyo hata mwenye shilingi kumi mkononi anapata heshima ya kuchangia bajeti ya taifa.

Mafuta ya taa nayo yana sifa zake. Mwaka 2018 yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu wafanyabiashara fulani walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Stovu ya Kiandutu haikuchanganya chochote, lakini ililipa. Mwaka huohuo bidhaa za mafuta zikaanza kutozwa VAT ya asilimia 8, na kufikia Julai 2023 ikawa 16. Kodi ya mapato ingemtafuta mkosaji kwanza, ikapoteza muda bure.

Kasoro ya VAT, kama ina kasoro, ni huruma. Imeuachilia unga wa ugali na mkate. Mswada wa Fedha wa 2024 ulijaribu kuirekebisha kasoro hiyo kwa kuutoza mkate asilimia 16. Pendekezo hilo likaondolewa katikati ya Juni, lakini vijana walioandamana kuupinga mswada hawakutosheka. Tarehe 25 waliingia Bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini mswada wote. Mkate ukabaki bila uraia kamili.

Kuna wanaodhani wazo la kufuta kodi ya mapato ni la Marekani, ambako mswada wa FairTax umekuwa ukirudishwa Bungeni tangu 1999. Wamarekani wenyewe wameuharibu kwa kipengele cha kuilipa kila familia, kila mwezi, fidia ya kodi ya mahitaji ya msingi. Sisi tulitangulia, na hatukuwa na kipengele hicho. Mwaka 1921 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya mapato nchini Kenya. Walowezi wakapiga kelele, na mwaka 1922 ikafutwa. Pengo likazibwa kwa kupandisha ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka huohuo, Machi, umati uliokusanyika Nairobi kudai mwanaharakati Harry Thuku aachiliwe ulimiminiwa risasi. Miongoni mwa malalamiko ya Thuku ilikuwamo kodi ya kibanda, ambayo Mwafrika alilipa hata kama kibanda hakikuwa na kitu ndani.

Kodi ya mapato ilirudi mwaka 1937. Ile ya kibanda haikuwa imeondoka.