Mkonge Hauombi Likizo: Mhadhara wa Ustahimilivu Kazini

Waheshimiwa wa Tanga, na nyinyi ndugu wakataji mliosimama kwa kuwa viti vimekaliwa na mabegi ya kamati, mna bahati. Wataalamu wa ustahimilivu kazini wapo wengi, ila mwenye vyeti vya kubebwa na watu wawili ni mimi. Hoja yangu ni moja, nami nimeiheshimu kwa kuitengea saa tatu: mfanyakazi anashindwaje, ilhali mkonge haushindwi? Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapandwe Kikogwe, karibu na Pangani. Hakuna mche ulionung'unika. Iliyofika hai ilikuwa 62, na hapo ndipo penye somo: ile 938 ilikosa mtazamo chanya. Anayesema iliuawa na safari hajasoma kitabu changu, ambacho kinauzwa mlangoni, chenji hakuna.

Tuje kwa binadamu. Enzi za mkoloni vibarua walioitwa manamba waliletwa kutoka mbali wakapewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na mshahara ulikuja siku zote zikishatiwa alama. Aliyeangushwa na homa katikati alingoja. Chuo cha uvumilivu kile, tena bila ada! Matunda yakaonekana: mwaka 1964 nchi hii ilivuna tani kama 230,000, ikiongoza duniani. Mbishi atauliza, kama ustahimilivu ndio uliozileta tani hizo, mbona mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 20,000, na mkataji bado anaamka alfajiri ile ile? Atataja kamba za nailoni, bei kuporomoka, mashamba kutaifishwa mwaka 1967, korona, zile mashine za kukwangua majani, kukosa vipuri. Visingizio. Nailoni haikuhudhuria semina zangu, kwa hiyo siwezi kuisemea.

Wapo pia wajuaji watakaodai kuwa mkonge huvumilia ukame kwa sababu jani lake ni nene na limehifadhi maji, yaani umewekewa akiba kabla ya kudaiwa subira. Tena una mwiba mweusi nchani, na anayeushika ovyo hutoka damu. Hilo la mwiba wafanyakazi msilinakili. Nakilini korona: hukwangua jani zima, singa ikapatikana kama asilimia 4, yaliyobaki ni maji na makapi. Kwa unyenyekevu nasema mhadhara huu umefuata kipimo hicho hicho. Na ukishakatwa miaka kumi hivi, mkonge hutoa mlingoti, huchanua mara moja, hufa. Nani kati yenu ana mpango wa kustaafu ulio nadhifu kiasi hicho?

Limebaki swali la yule ndugu wa nyuma, anayedai malimbikizo ya mshahara wa miezi mitatu. Ndugu yangu, vuta pumzi, tabasamu, uione changamoto kama fursa. Fundisho hili lina hatua saba, nami nitazieleza zote kwa kina mara tu ujumbe wa posho yangu utakapoingia kwenye simu. Kabla ya hapo siendelei. Mhasibu yuko wapi?