Sita Kushoto, Sita Kulia

Balaa lililonikuta stendi ya Mbagala Rangi Tatu lilianzia Urusi, mwaka 1967, kabla hata sijazaliwa.

Mwaka huo mwanasayansi mmoja wa Kisovyeti, Mikhail Bongard, alitoa kitabu kuhusu namna ya kuifundisha mashine kutambua maumbo, na ndani yake akaweka mafumbo 100 ya picha. Kila fumbo lina visanduku 12, sita kushoto na sita kulia. Vya kushoto vina kanuni yao, vya kulia vina yao iliyo kinyume, na kanuni yenyewe haikuandikwa kwenye picha. Unaangalia, unaangalia tena, kisha unaitaja. Ukikosea hata kwa kisanduku kimoja, umekosea.

Mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni ndiye aliyeniletea ugonjwa huu nyumbani, alipokuja likizo. Fumbo la kwanza limewekwa pale ili mtu ajione ana akili: kushoto visanduku vitupu, kulia vina kitu ndani. La pili, maumbo makubwa na madogo. La tatu, yaliyo matupu katikati na yaliyojazwa wino. La sita, pembetatu na pembenne. Hayo niliyamaliza kabla chai haijapoa, nikaanza kumwita mpwa wangu “kijana” kwa sauti ya mhadhiri.

Halafu mambo yakageuka. Kuna moja lina michoro iliyojizungusha kama dawa ya mbu ya kuchoma. Kushoto inazungukia huku, kulia inazungukia kule. Hilo nililala nalo, na usiku niliamka nikawasha taa kuikagua ile dawa ya mbu ya kweli iliyokuwa uvunguni. Mpwa wangu akanipoza kwamba hata kompyuta zimehangaishwa na mafumbo haya. Mwaka 2006 Harry Foundalis alipata udaktari wake huko Indiana, Marekani, kwa programu aliyoiita Phaeaco, nayo iliweza machache tu. Nikajisikia vizuri. Mtu akishindwa pamoja na kompyuta ya Marekani hajashindwa peke yake.

Lile la 100 ndilo lililoniaibisha. Kushoto kulikuwa na maumbo sita ya ajabuajabu, mengine manene, mengine yamekonda. Kulia hivyohivyo. Siku mbili nzima nilihesabu pembe, nikahesabu matundu, nikapima kimo kwa rula ya mtoto. Siku ya tatu nikanyoosha mikono.

“Mjomba,” mpwa wangu akasema, “hukusoma?”

Nisome nini? Kumbe kushoto yote ni herufi A, imeandikwa kwa miandiko tofauti, na kulia yote ni Б, ambayo Warusi wanaisoma B. Hiyo Б ningeweza kujitetea kwamba siijui. Lakini A ninayo mara mbili katika jina langu.

Mpwa akarudi chuoni. Mimi nikabaki na macho yasiyotulia. Nikiona vitu vimewekwa mafungu mawili, lazima nijue kwa nini. Sokoni nilimuuliza mama muuza nyanya ni kanuni gani inayotenganisha fungu hili na lile. Akanitazama kwa muda, akasema, “Hili mia tano, hili elfu.” Mke wangu alipotenganisha mifuniko ya masufuria kabatini nilimwambia kanuni yake nimeshaigundua. Hakuniuliza ni ipi. Miaka kumi na minne ya ndoa, na sijapata kuiona njaa ya elimu machoni mwa mwanamke yule.

Sasa, mke wangu anauza kanga. Anachukua mzigo Kariakoo, anauza kwa mali kauli, wateja wanalipa mwisho wa mwezi wakikumbuka. Na mama yake alikuwa amekuja kututembelea kutoka Masasi, amekaa wiki mbili, na asubuhi ile nilikuwa nimsindikize stendi. Mke wangu alilala msibani kwa shoga yake. Saa kumi alfajiri akanipigia.

“Baba Salma, usimwache mama aondoke mikono mitupu. Kuna mafungu mawili ya kanga kitandani kwa watoto. Chukua doti moja kwenye lile fungu la...”

Simu yake ikazima. Chaji.

Nikaingia chumbani na tochi. Kanga zilikuwa sita kushoto, sita kulia.

Nawaomba mnielewe. Mtu mwingine angemwita jirani, au angesubiri kidogo apige tena. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikasikia kama Bongard mwenyewe amenishika bega. Nikazifungua zote kumi na mbili. Nikaanza na rangi: kushoto nyekundu zilikuwa nne, lakini hata kulia ilikuwepo moja. Kanuni imekufa. Nikaenda kwenye pindo: nene, nyembamba, nene. Imekufa. Mama mkwe akagonga ukuta kuuliza kama nimeamka, nikamwambia niko kazini.

Nilipofika kwenye mji wa kanga ndipo jambo likafunguka. Kushoto katikati palikuwa na maua, nyota, madoa, vitu vya mviringo visivyo na mkia. Kulia zote sita zilikuwa na lile umbo la korosho, lenye mkia uliojikunja. Zote! Kanuni haikuvunjika hata mara moja. Na mama mkwe ana mikorosho yake Masasi! Mke wangu, mwanamke mwenye akili, alikuwa amemtengea mama yake korosho. Nikachagua ya zambarau, nikaikunja vizuri, nikaitia kwenye mfuko wa zawadi. Moyoni nilikuwa naandika barua kwenda Indiana.

Pale Rangi Tatu wapiga debe wanapiga kelele, mizigo inapanda, mama ameketi kwenye benchi akingoja basi. Nikampa mfuko kwa mikono miwili. Akanishukuru, akanibariki na watoto wangu, akatoa miwani yake, ile yenye mkono mmoja uliofungwa uzi. Akaikunjua kanga mapajani. Hakuangalia korosho. Akaenda moja kwa moja kule chini kwenye jina, akalifuata kwa kidole, na kwa kuwa alisomea darasa la ngumbaru, anasoma kwa sauti:

“UMEKUJA... KUSALIMIA... AU... KUCHUNGULIA.”

Mama mmoja mwenye kapu la dagaa akasema, “Haa!” Mpiga debe akanyamaza. Sijawahi kuona mpiga debe akinyamaza.

Mama mkwe akaikunja kanga taratibu, kona kwa kona, akairudisha mfukoni.

“Mimi nimesalimia, baba,” akasema. Akapanda basi.

Mke wangu alirudi saa nne, akaenda chumbani, akarudi, akasimama mlangoni. Fungu la kushoto lilikuwa la maneno ya heri, ya mama, ya baraka, ya wageni. La kulia lilikuwa la vijembe, oda ya kikundi cha akina mama wanaokwenda kucheza ngoma kwa mke mwenza wa mwenzao. Ile ya zambarau ilishalipiwa.

“Wewe ulikuwa unaangalia nini?” akauliza.

Nikamweleza kuhusu mikia. Akanisikiliza hadi mwisho, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Juzi, mwezi ukiwa umepita, kondakta wa basi la Masasi alinipigia nikachukue mzigo. Boksi, jina langu kwa kalamu ya wino mzito, hakuna barua. Ndani mifuko miwili ya korosho, uzito uleule, zimekaangwa rangi ileile. Mmoja umefungwa uzi mweusi, mwingine uzi mwekundu. Nimezimwaga mezani, nimezipanga, nimezigeuza. Nimezinusa. Hazina tofauti hata chembe.

Mke wangu anapita, anachota kwenye mfuko wa uzi mwekundu, anatafuna, anakwenda zake. Ule mweusi haugusi, na nikimuuliza anasema nisome mwenyewe.