Mjomba, Gari Linavuja

Mjomba,

Mimi mzima, hofu ni juu yenu hapo Ngamiani. Mgonjwa ni gari.

Kabla ya ugonjwa wenyewe, niweke sawa habari iliyotangulia barua hii. Picha niliyotuma kwenye kundi la ukoo imewafanya watu waupange upya mchango wangu wa harusi bila kuniuliza. Ni kweli, ni gari la spoti: viti viwili, paa la turubai, taa za mbele zinazofumba na kufumbua. Lakini hii ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile lililozinduliwa Chicago mwaka 1989 na kuachwa kutengenezwa mwaka 1997. Nusu ya waliolisifia kwenye kundi hawajalifikia umri. Nimelinunua kwa pesa ambayo huko humpati mtu wa kukuuzia IST iliyogongwa. Mwambieni mweka hazina wa kamati.

Sasa ugonjwa. Lilianza kudondosha oili pale injini inapokutana na gea boksi. Huko nyumbani tone kama hilo lingemezwa na mchanga na maisha yangeendelea. Hapa Coventry mbele ya nyumba ni vigae, na kila tone linabaki kuwa ushahidi. Halafu Mwingereza hakwambii kwamba gari lako linavuja. Jirani yangu, mzee mstaafu, alisimama akasifu hali ya hewa, akasifu rangi ya gari, kisha akaniuliza kama hii oili ninayotumia naiona nzuri. Siku hiyohiyo akanisimulia MGB aliyokuwa nayo ujanani. Kwake yeye, gari la spoti lisilodondosha limeishiwa oili. Na ana haki: injini nyingi za zamani za Kiingereza hazikuwa na sili ya mpira nyuma ya krenki. Zilikuwa na mfereji wa mzunguko uliochongwa kwenye chuma ili kuirudisha oili ndani, na oili ilirudi ikipenda.

Dawa ya vigae, akaniambia, ni ule mchanga wa choo cha paka. Unaumwaga juu ya doa, unanyonya. Nikaenda dukani. Dada wa kaunta akaniuliza paka wangu anaitwaje. Nikamwambia Mazda, akasema jina zuri.

Haya yote ningeyavumilia, lakini mtihani wa gari ulikuwa unakaribia. Hapa gari likitimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, wanauita MOT, na kanuni ya mvujo imeandikwa bila aibu: oili ikifanya dimbwi lenye upana unaozidi milimita 75 ndani ya dakika 5, umefeli. Mjomba, pata picha ya mtu mwenye kibali cha serikali ameinama na saa mkononi, anasubiri tone likue. Kipimo hicho kikifika stendi ya Kange, abiria wa Dar watatembea.

Nikalipeleka gereji moja ya jirani. Fundi akalipandisha, akamulika tochi, akatoa hukumu kabla tochi haijapata moto: sili ya nyuma ya krenki. Unajua maana yake. Gea boksi chini, klachi nje, flaiwili nje, yote hayo kwa ajili ya kipande cha mpira. Sili yenyewe si ghali, lakini saa moja ya fundi hapa ni mbuzi mzima, na yeye alitaka zizi. Nikamshukuru, nikaondoka na gari langu likidondosha.

Maana injini hii wewe unaijua. Ni ya ukoo wa B wa Mazda, ndugu wa zile za Familia zilizokulipia karo za watoto. Kwenye Familia injini imelala kwa upana, kwa hiyo ukifungua boniti ncha ya kichwa cha silinda unaifikia umesimama wima. Kwenye MX-5 wameigeuza ielekee mbele na nyuma, na ncha hiyo imebanwa kwenye ukuta wa chuma unaoitenga injini na miguu ya dereva. Hapo nyuma ndipo walipoichomeka sensa ya kamshafti, na oili inazuiwa hapo na oringi moja tu. Oringi ikichoka, oili inateremka mgongoni mwa injini, inapita juu ya nyumba ya klachi, inatokea chini kabisa, palepale ambapo sili ya krenki ingetolea.

Kwanza nilinusa. Oili ya gea boksi inanuka salfa, hii haikunuka. Nikaosha injini kwa dawa ya kuondoa grisi. Mafuta ya taa niliyaogopa, jirani angeita zimamoto huku akiomba radhi. Kisha nikamimina kwenye oili kichupa cha rangi maalumu, nikazunguka mjini, na usiku nikamulika kwa taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, nimevaa miwani ya njano na kichwa kimezama ndani ya boniti. Jirani alipita na mbwa wake. Akasema habari za jioni.

Tapeti kava, mshukiwa mkubwa wa pili wa injini hizi, lilikuwa kavu. Chini yake, kutoka kwenye sensa, mchirizi ulikuwa unawaka kijani hadi sakafuni.

Sensa hiyo ndiyo inayoshika taiming, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote nilikwaruza alama kwenye sensa na kwenye kichwa. Bolti ni moja, namba 12, na aliyeiweka pale hakuwa na vidole. Unaifungua kwa kupapasa, shavu limelalia injini, ukitaja watu wa Mazda kule Hiroshima kwa majina usiyoyajua. Oringi ilitoka imekauka na kubapa, hata kukunjika haikubali. Mpya inagharimu chini ya kikombe cha chai. Nikaipaka oili, nikarudisha sensa kwenye alama, nikaunganisha TEN na GND kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha uchunguzi, nikamulika kwa taa ya taiming: digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Nikafunga.

Gari limekauka, na MOT limepita. Jirani bado huja asubuhi kuchungulia chini yake, na masikitiko yake hayafichi.

Mchango wangu unabaki uleule. Na Shangazi anayeuliza kama akija nitampokea uwanja wa ndege kwa gari hili, mwambie nitampokea, paa likiwa wazi akitaka. Ila sanduku lake litakuja kwa basi.

Mpwa wako.