Namna ya Kukaa Unguja Mwezi Mzima Bila ya Kumsaidia Mtu

Umekuja kujitolea. Una mabegi mawili, moja limejaa kalamu za rangi na dawa ya mbu, na kichwani una orodha ndefu ya mambo utakayoyarekebisha kabla kibali chako hakijaisha. Karibu sana. Mwongozo huu ni wako, uwe umetoka Oslo, Osaka au Nairobi, maadamu umepangiwa kuishi na familia hapa mjini. Sharti lake kubwa ni moja: mwezi wa kwanza usimsaidie mtu yeyote. Nasema kweli kabisa, na nitakuonesha utakavyoweza.

Jua kwanza kwamba wewe si wa mwanzo. Kisiwa hiki kina uzoefu mkubwa wa kuwapokea watu waliokuja kukisaidia. Wamisionari wa Kiingereza walianza kujenga kanisa lao Mkunazini mwaka 1873, hapo hapo palipokuwa na soko la watumwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakaja Wajerumani wa Mashariki, na nyumba za Kikwajuni na majumba marefu ya Michenzani yana mkono wao. Madaktari wa Kichina walianza kuja mwaka huo huo wa 1964. Bibi atakayekufungulia mlango ameshawaona wasaidizi wa kila rangi na kila itikadi. Wewe atakupokea kwa swali lile lile walilopokelewa wenzako: umekula? Usijibu kwamba umekula kwenye ndege. Nawa mikono, kaa chini, sema bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, na ule upande wako wa sinia.

Lakini yapo mawili ya kuyamaliza kabla hujapanda hiyo ndege. La kwanza ni kibali: anayejitolea Tanzania huombewa kibali cha ukaazi daraja C, na viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata kazi ya bure. La pili ni pesa. Iulize taasisi inayokuleta, kwa maandishi: katika ninazolipa, mama mwenye nyumba anapata ngapi, na anazipata lini? Usione haya kuuliza. Kuna mama anayenunua mchele, samaki na umeme wa mwezi mzima kwa ajili yako huku akisubiri malipo mwisho wa mwezi, na adabu yake haitamruhusu kukwambia. Ukishafika, swali hilo usimuulize yeye. Mbele yake kazi yako ni kula.

Kama umepangiwa Kwahani, Jang'ombe au Mwembetanga badala ya Mji Mkongwe, usinung'unike. Najua ulishaiona milango ya kuchongwa kwenye picha. Shangani na Hurumzi nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli, na wakaazi wengi wa mji wanaishi Ng'ambo, kwenye watoto barabarani, mafundi cherehani vibarazani na muuza urojo anayekujua kwa jina siku ya nne. Milango utakwenda kuitazama jioni.

Sasa salamu. Hapa ndipo wengi wanapoanza kuhesabu dakika. Kutoka mlangoni mpaka kituo cha daladala unaweza kupita vibaraza saba, na kila kibaraza kina mtu mzima wa kupewa shikamoo yake. Mpe. Subiri marahaba. Ukiulizwa habari za nyumbani, za kazi, za wazee wako huko ulikotoka, jibu zote ni nzuri, kisha rudisha maswali yote. Ukirudi mchana, wasalimie tena: habari za tangu asubuhi? Wanaokaa pale ndio walinzi wako. Siku ukipotea kwenye vichochoro vya Kiponda, mzee usiyemjua atakwambia, "Wewe si mtoto wa Bi Fulani? Pita hapa, kata kushoto." Siku ukionekana umeongozana na mtu asiyeaminika, mama atakuwa na habari kabla hujafika nyumbani. Utasema huo ni umbeya. Kwetu ndio ulinzi, na haulipiwi kwa kitu kingine isipokuwa salamu.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini hatuna mashamba, kwa hiyo siku ya tatu utapewa mbuzi, na hapo mwongozo huu utakuomba utulie kidogo, maana ni mtihani wako wa kwanza wa haki. Mbuzi ya kukunia nazi huwa imesimamishwa nyuma ya mlango wa jikoni: kibao cha kukalia na ulimi wa chuma wenye meno. Kaa upande, miguu pamoja, kanga ifunike magoti. Weka sinia chini ya meno. Shika kizio cha nazi kwa mikono miwili, anza ukingoni, sukuma na kuzungusha, sukuma na kuzungusha, na usichimbe katikati kwa pupa. Sikiliza. Nazi nyeupe haina kelele. Chuma kikianza kukwaruza kifuu, acha hapo hapo, kwani yale machicha ya rangi ya udongo yakiingia, mchuzi hautakuwa mweupe na bibi ataliona kosa kabla hajaonja.

Halafu utakamua. Tui la kasimile hutoka kwanza, kwa maji kidogo sana, na huwekwa kando kwa heshima yake. Yale machicha hutiwa maji tena na kukamuliwa tena, na hilo tui jepesi ndilo linaloanza kupikia. Kasimile huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, na mwiko haupumziki mpaka sufuria iepuliwe; ukiacha kukoroga, tui hukatika. Utaipika ndizi ya nazi yako, itakatika, watakula wote na kusema tamu. Wiki ya pili utapika nyingine. Nimewaona vijana wenye shahada za uhandisi wakitoka jasho juu ya kibao kile, na mtoto wa miaka tisa amesimama pembeni anawaelekeza. Hiyo ndiyo picha ninayotaka uiweke kichwani kila utakapoandika nyumbani kwamba umekuja kufundisha.

Kama wewe ni mwanamume, usidhani umesamehewa. Utatumwa sokoni Darajani ukanunue samaki, na utapigwa bei. Mtazame changu mashavuni kama bado ni mekundu, mbonyeze kwa kidole uone kama nyama inarudi, uliza bei, cheka, uliza tena. Ukirudi mama atauliza ulinunua kwa kiasi gani, na atanyamaza kidogo. Kesho utakwenda na mtoto wa nyumbani.

Maji na umeme nitavipitia haraka. Maji ya bomba yana saa zake, na nyumba nzima inazijua isipokuwa wewe. Ukisikia "maji yametoka!" acha simu, jaza mapipa, ndoo na kila chombo chenye mdomo. Kuoga ni ndoo moja na kata, na ndoo moja inatosha mtu mzima kuanzia kichwani. Umeme hununuliwa kabla ya kutumiwa, kwa hiyo feni uliyoiacha inazunguka chumbani peke yake inakula pesa ya mtu. Na siku umeme ukikatika kwa saa mbili, usitoe hotuba kuhusu miundombinu. Uko mbele ya watu waliokaa gizani miezi 3, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini kutoka bara ulipoharibika. Walibeba maji kwa kuwa pampu zilisimama, waliuza samaki mapema wasiharibike, na watoto waliendelea kwenda skuli. Wakikwambia pole, pokea.

Kuhusu skuli. Najua unataka kuanzisha darasa la Kiingereza la bure saa tisa alasiri, na umeshaandaa nyimbo. Kabla hujabandika tangazo, waulize watoto wa nyumbani saa tisa huwa wapi. Wengi wako chuoni, wanasoma Kurani. Asubuhi skuli, mchana chuo, na Alkhamisi na Ijumaa zina utaratibu wake. Darasa lako litamlazimisha mtoto achague baina ya mgeni na mwalimu wake, na si haki kumtia mtoto katika hali hiyo. Picha za watoto nazo ziache kwanza. Yule unayetaka kumpiga picha na kumweka mtandaoni amevaa kaptura ya kuchezea. Mama yake angependa aonekane na kanzu ya Ijumaa, na angependa aulizwe.

Ukibahatika kuangukia Ramadhani, huna haja ya mwongozo mwingine wowote. Hata kama hufungi, mchana usile wala kunywa mbele za watu. Jikoni kazi huanza baada ya adhuhuri: majimbi, mhogo, viazi vikuu, uji wa pilipili manga, kaimati, na sambusa zinazokunjwa na mikono minne kwa mpigo. Karibu na magharibi utapewa sahani iliyofunikwa kawa na utaambiwa, "Mwanangu, mpelekee jirani." Piga hodi, subiri ukaribishwe, salimia, toa kwa mkono wa kulia. Kesho yake jirani ataileta sahani ile ile, na haitakuwa tupu. Mimi naamini hapo ndipo mtu anapojifunza kusaidia kwa namna ya kwetu: anayetoa leo anapokea kesho, kwa hiyo hakuna anayeinamishwa kichwa. Mradi unaoleta vitu bila ya kuwa tayari kupokea hata kaimati tatu, watu wataushukuru kwa adabu na hawatauamini.

Pokea, basi. Ukiugua, kubali kukandwa na kupikiwa uji, na ikiwa homa haishuki kubali kupelekwa hospitali na watu wanne. Ukialikwa arusi, acha ndugu zako wa nyumbani wakufunge kanga, wakuvishe, wakufukize udi, na usishike simu kupiga picha upande wa wanawake bila ya ruhusa. Wengi wamevua mabaibui yao wakijua wako salama. Ukikosea, utarekebishwa palepale na mtu yeyote aliyekuzidi umri. Ukisharekebishwa hadharani na jirani kama anavyorekebishwa mtoto wa nyumba, umeshapokewa.

Mwezi ukitimia, subiri jioni tulivu, mama akiwa amekaa uwani anachambua mchele. Kaa karibu, chukua ungo wa pili, chambua naye. Kisha muulize kama kuna jambo unaloweza kulifanya. Usimtajie orodha yako. Huenda akasema hakuna, na hapo utaendelea na mchele. Huenda akafikiri kidogo akasema kwamba binti wa jirani, yule anayepokea sahani, yuko kidato cha nne, hesabu zinamshinda, mtihani wa taifa ni Novemba na pesa ya tuisheni haipo. Mwambie mama amwombe jirani ruhusa. Muulize binti mwenyewe anakwama wapi na saa ngapi anakuwa na nafasi baada ya chuo. Zile kalamu za rangi wape wadogo zake wachoree sakafuni wakati nyinyi mnafanya milinganyo, na mlango wa sebule uwe wazi.